Ua la Bukini Katika Madirisha ya Toronto



Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa za hapa Ontario hurudishwa nyuma, na jioni yake jua huzama kiasi cha saa 11. Ndipo maswali huanza kutufikia, kwenye lifti, dukani, hata msibani. Wenzetu wanajua kwamba tulifundisha baiolojia huko nyumbani kwa zaidi ya miaka 30, nao hudhani kuwa mwalimu mstaafu ni daktari wa kila kitu kilicho kwenye chungu. Swali linalorudi mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Mwalimu, lile ua letu lenye majani manene lilikuwa limejaa maua tulipolinunua. Mbona mwaka wa pili sasa linatoa majani matupu?"

Mmea wanaouuliza twaujua sote. Umo katika madirisha ya magorofa yetu kuanzia Scarborough hadi Rexdale. Majani yake ni manene, ya kijani kilichokoza, yanang'aa, na kingo zake zina meno butu. Maua yake ni madogo, kila moja lina petali nne, lakini hujikusanya kwa makumi juu ya kikonyo kimoja hata yakaonekana kama shada. Yako mekundu, ya manjano, ya chungwa, ya waridi na meupe. Huuzwa katika maduka makubwa ya vyakula, karibu na mlango, na aghalabu huingia nyumbani mwetu kama zawadi ya Siku ya Mama mwezi wa Mei. Jina lake la kitaalamu ni Kalanchoe blossfeldiana. Sisi tutauita kalankoe.

Mwezi huu tumeamua kulijibu swali hilo kwa maandishi. Tutalijibu kwa kupitia nyumba moja tunayoifahamu, ambayo wenyewe wameturuhusu tuisimulie bila kuwataja majina.

Asili yake

Kwanza tujue mgeni huyu katoka wapi. Kalankoe ni mwenyeji wa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Kaskazini mwa kisiwa hicho iko safu ya milima ya Tsaratanana, yenye kilele cha Maromokotro, mita 2,876 juu ya usawa wa bahari, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote Bukini. Huko ndiko mmea huu ulikookotwa na Mfaransa mmoja mtaalamu wa mimea, Henri Perrier de la Bâthie, naye akaufikisha Paris katika miaka ya 1920. Mwaka 1932 Robert Blossfeld, mfanyabiashara wa mbegu na miche wa mji wa Potsdam, Ujerumani, aliuingiza sokoni. Mwaka 1934 mtaalamu mwingine wa Kijerumani, Karl von Poellnitz, akaupa jina la mfanyabiashara huyo. Basi ndivyo ua la mlima wa Bukini lilivyopata kuitwa kwa jina la duka la Potsdam. Wasomaji waliobadilishiwa majina na makarani wa uhamiaji hawatashangaa.

Ukoo wake ni mkubwa. Aina za kalankoe hupita 100, na nyingi kati yake ziko Bukini na bara la Afrika. Kenya na Tanzania zina za kwao, zinazoota kwenye miamba, katika vichaka vikavu na kando ya misitu ya milimani. Yuko pia ndugu yake mmoja ambaye wengi wetu tulicheza naye utotoni: ule mmea ambao jani lake, ukilitia katikati ya kitabu na kulisahau, hutoa vichipukizi na vijizizi pembezoni bila udongo wala maji. Huyo naye asili yake ni Bukini, na leo ameenea katika nchi nyingi za joto.

Unene wa majani yake ni ghala la maji. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa inayohitajika katika usanisinuru. Kalankoe hufanya kinyume. Mchana, jua likiwa kali, hufunga ili asipoteze maji. Usiku hufungua, huvuta hewa hiyo, na kuihifadhi katika hali ya asidi hadi kupambazuke. Mwaka 1815 yalichapishwa maelezo ya Benjamin Heyne, aliyekuwa India, ya kwamba majani ya yule ndugu yake wa kwenye kitabu huwa machachu mno asubuhi, na kufikia alasiri uchachu umekwisha. Heyne alijua kwa kuonja. Sisi twamwomba msomaji asimwige, kwa sababu tutakayoieleza sasa hivi.

Jani la Bibi

Katika nyumba tuliyoitaja wanaishi watu watatu: Bibi, aliyekuja kutoka Tanga kumsaidia binti yake kulea, binti mwenyewe, ambaye hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mjukuu wa kiume aliyekuwa na miaka minne. Kalankoe yao ilikuwa nyekundu. Binti alimnunulia mama yake mwezi wa Mei, na kufikia Julai maua yakawa yamekauka. Binti alitaka kuitupa, kama wafanyavyo watu wengi hapa, maana mmea huu huuzwa kwa bei ya chini na watu huuhesabu kama shada la maua tu, wakiutupa ukiisha kupendeza. Bibi alikataa. "Mti haujafa, utatupwaje?" akasema, akausogeza kwenye dirisha la kusini.

Majira ya baridi yalipofika mjukuu alishikwa na kikohozi. Bibi, kwa kuona jani nene lenye maji, alikumbuka jani la kwao ambalo huchomwa kidogo motoni, likakamuliwa, na maji yake akapewa mtoto. Alichuma mawili. Binti aliingia kutoka kazini wakati huohuo, akamnyang'anya mama yake jani mkononi mbele ya mtoto. Maneno yaliyofuata hatuna haja ya kuyarudia. Kwa siku kadhaa mama na binti walipitana jikoni kwa salamu tu, na Bibi akaanza kuuliza nauli ya kurudi Tanga.

Tuliitwa kusuluhisha, kama waitwavyo wazee. Ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki yake. Binti alikuwa na haki kuhusu jani. Kalankoe ina sumu inayoshambulia moyo. Afrika Kusini wafugaji wameijua tangu zamani, kwa kuwa mimea ya ukoo huu huua mbuzi, kondoo na ng'ombe wao. Paka na mbwa wakila majani ya kalankoe ya dirishani hutapika na kuharisha, na wakila mengi mapigo ya moyo yaweza kuvurugika. Ni mmea wa kuutazama, na haufai kuliwa wala kunywewa. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto mdogo au paka na iuweke juu. Mtoto akila jani, kipigiwe simu kituo cha ushauri wa sumu cha Ontario, ambacho kipo katika hospitali ya watoto ya SickKids hapa Toronto na hujibu usiku na mchana.

Lakini Bibi naye alikuwa na haki. Elimu aliyokuwa nayo ilikuwa ya mmea mwingine, wa udongo mwingine, na kwa miaka 60 haikumwaibisha. Hatukumwambia kwamba hajui. Tulimwambia kwamba jani hili si lile, ingawa wamefanana kama mapacha. Na kwamba hata yeye, shambani kwake Tanga, asingechuma jani la mti asioujua mzizi wake kwa sababu tu limefanana na lingine. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hilo ni kweli." Binti alimwomba mama yake radhi kwa namna alivyomnyang'anya. Kwa jani lenyewe hakuomba radhi, na Bibi hakumdai.

Nauli, hata hivyo, aliendelea kuiuliza.

Kosa la taa

Mwaka wa pili ukapita, kalankoe ikanenepa na kurefuka, lakini ua halikutoka hata moja. Bibi alituuliza. Sisi, wenye shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na miaka 30 ya chaki, tulimwambia aongeze mbolea. Aliongeza. Yakaja majani zaidi. Tukamwambia apunguze maji. Alipunguza. Majani yakasinyaa kidogo, ua lisionekane.

Aliyetuondolea ujinga ni fundi wa jengo lao, mzee wa Kijamaika. Ujanani alikuja Ontario kwa mkataba wa msimu, chini ya mpango ulioanza mwaka 1966 kwa wafanyakazi wa mashambani kutoka Jamaika na baadaye ukazichukua nchi nyingine za Karibi na Meksiko. Alifanya misimu mingi katika mabanda ya vioo ya Niagara, ng'ambo ya Ziwa Ontario, ambako maua mengi ya vyungu yanayouzwa hapa hukuzwa. Siku hiyo alikuwa amekuja kutengeneza bomba. Alikitazama chungu, akaitazama taa ya sebuleni iliyokuwa juu yake, akacheka. Alituambia kwamba huko Niagara kila jioni walivuta mapazia meusi juu ya vitanda vya kalankoe, jua likiwa bado linawaka, na kuyafungua asubuhi. "Bila giza," alisema, "hupati ua."

Tuliona haya, kwa kuwa somo hilo tulilifundisha wenyewe. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walitangaza kwamba kuna mimea inayochanua kwa kufuata urefu wa mchana, baada ya kuchunguza tumbaku iliyokuwa ikikataa kutoa maua wakati wa kiangazi. Mwaka 1938 wenzao Hamner na Bonner walionyesha kwa kutumia gugu moja kwamba jambo kubwa ni urefu wa usiku usiokatizwa: mwanga wa muda mfupi tu katikati ya giza ulitosha kulizuia gugu hilo lisichanue. Ndani ya majani imo rangi maalumu inayohisi mwanga, na kwa msaada wake mmea hupima usiku. Kalankoe ni mmoja wa mimea iliyotumiwa sana katika uchunguzi wa aina hiyo. Tuliyaandika hayo ubaoni kila mwaka, na wanafunzi wetu wakayajibu katika mitihani, lakini hatukuwahi kuyaona sebuleni mwa mtu.

Huko Tanga mchana wa Desemba na mchana wa Juni hautofautiani kwa zaidi ya dakika 40, na mtu aweza kuishi umri wake wote asilifikirie jambo hili. Hapa Toronto mchana wa mwisho wa Juni hukaribia saa 15 na nusu, na wa mwisho wa Desemba haufiki hata saa 9. Kwa kalankoe, usiku wa majira ya baridi wa Toronto ni neema tupu. Kilichoikosesha neema hiyo katika nyumba ile ni taa ya umeme.

Tukamuuliza Bibi mbona taa haizimwi. Alitujibu kana kwamba tumeuliza mbona watu hula. "Mwanangu yuko nje usiku. Nyumba ya mtu aliye nje haizimwi taa." Mwaka wa pili huo, kila usiku, alilala kwenye kochi la sebule chini ya taa ile, hadi asikie ufunguo mlangoni saa 1 asubuhi. Binti yake hakuwa akilijua hilo. Alidhani mama huamka mapema kuswali na kuiwasha.

Giza la saa 14

Hatukuthubutu kumwambia Bibi azime taa. Tulitafuta boksi la ndizi kutoka dukani, tukalipaka karatasi nyeusi kwa ndani na kuziba matundu yake. Tarehe 1 Oktoba kazi ikaanza. Saa 11 jioni Bibi alikifunika chungu. Saa 1 asubuhi binti, akiingia kutoka kazini na koti lake mwilini, alikifunua. Hizo ni saa 14 za giza, na saa 10 zilizobaki zilikuwa za mwanga wa dirisha la kusini.

Wiki 6 hawakukosa hata siku moja. Saa zilipobadilishwa mwezi wa Novemba, Bibi aliendelea kufunika kwa saa ya zamani. Alisema ua halisomi saa ya serikali, na katika hilo baiolojia iko upande wake. Katikati ya Novemba boksi likaondolewa, na chungu kikahamishiwa dirisha la chumba cha kulala, ambako taa huzimwa mapema. Mwisho wa mwezi vikaonekana vitumba vidogo vya kijani, kama punje za mtama. Wiki ya kwanza ya Januari, theluji ikiwa imefunika maegesho yote ya magari, maua mekundu yakafunguka.

Binti alitueleza baadaye jambo ambalo hatukulitarajia. Alisema kwamba zile asubuhi za kufunua boksi ndizo zilizomfanya akae sebuleni dakika 10 kabla ya kwenda kulala, na mama yake alikuwa macho, na chai ilikuwa mezani. Kwa miaka miwili walikuwa wakiishi nyumba moja kwa zamu. Sasa Bibi hulala chumbani, taa ya sebule ikiwaka kama zamani, na binti ndiye aizimaye akiingia. Kuhusu nauli, Bibi husema atarudi Tanga, na sisi hatuna sababu ya kutomwamini. Ila tangu Januari hiyo hajatuuliza bei.

Matunzo kwa ufupi

Msomaji anayetaka kujaribu na afuate haya:

Udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na mchanga, na chungu kiwe na tundu chini. Maji yatiwe pale tu udongo unapokuwa mkavu kwa juu. Wengi wetu tunaua mmea huu kwa kuunywesha kila siku kama mchicha. Maua yakikauka, katakata vikonyo vyake. Wakati wa kiangazi mmea waweza kukaa roshani, kwenye mwanga mwingi usio wa jua kali la mchana, lakini urudishwe ndani mwezi wa Septemba, kwa sababu baridi ya kugandisha huuua. Kuanzia Oktoba ufunikwe saa 14 kila usiku kwa wiki 6, au uwekwe katika chumba ambacho hakiwashwi taa baada ya magharibi. Usiku uliokatizwa na taa hauhesabiki.

Kuuzidisha ni rahisi. Kata tawi lenye urefu wa kidole, liache siku 2 au 3 kidonda kikauke, kisha lichomeke kwenye udongo wenye unyevu kidogo. Litatoa mizizi baada ya wiki chache.

Na anayetaka kuwaona jamaa wengine wa mimea hii ya ukame, na aende Allan Gardens, katikati ya mji, baina ya mitaa ya Jarvis na Sherbourne. Ardhi ya kwanza ya bustani hiyo, ekari 5, ilitolewa na George William Allan mwaka 1858, na jumba la vioo lenye kuba lilijengwa mwaka 1910. Mojawapo ya mabanda yake limewekewa mimea ya nchi kavu: dungusi kakati, mishubiri na wenzao. Hakuna kiingilio. Wapelekeni watoto siku ya baridi kali, nao watavua makoti wenyewe.

Mwezi wa Machi Bibi alikata vipandikizi vitatu. Kimoja alitupa sisi, nacho kiko dirishani mwetu tunapoandika haya. Cha pili alimpa jirani. Cha tatu alikitia katika kopo la maziwa lililotobolewa chini, akashuka nacho kwa lifti hadi chumba cha fundi. Yule mzee wa Kijamaika alikipokea kwa mikono miwili. Alitwambia kwamba katika misimu yote ya Niagara alipakia kalankoe nyingi mno kwenye malori, zisizo na hesabu, na hakuwahi kuwa na wake hata mmoja.